Bei ya Jirani

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mashine imefika! Imesimama kibandani kwangu hapa Kibuye kama bibi harusi. Skrini inaonyesha bei: mafuta ya kupikia, robo lita, shilingi 70. Mteja analeta chupa, nabonyeza, inamwaga na kukata yenyewe. Mafuta ni ya kampuni. Bei wanaiweka wao kutoka Nairobi, mimi sina hata kitufe cha kuibadilisha. Napata kidogo kwa kila lita. Basi. Biashara ya nyanya na kuoza kwake, kwaheri!

Nilimwomba Kageha ruhusa kwanza. Anauza mafuta hayo hayo kwa kikombe, hatua tatu kutoka hapa. Ndiye aliyenitafutia nafasi sokoni nilipomzika mume wangu Wepukhulu na kubaki na Mathews mgongoni. Alicheka. Akasema chukua, Mama Mathews, Kisumu nzima inakaanga samaki, sisi wawili hatuwezi kuwamaliza.

Ijumaa, 6 Juni

Ujumbe wa kampuni kwenye simu: jirani yako anauza robo kwa bei gani? Nimejibu 70. Papo hapo bando ya shilingi hamsini! Kwa swali moja tu! Mathews ametazama katuni hadi akasinzia na simu mkononi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimewasha mashine — 65. Sikugusa kitu. Kageha aliangalia skrini, kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia si mimi, ni Nairobi. Akasema sawa. Kufika alasiri naye alikuwa ameshuka hadi 65.

Ijumaa, 13 Juni

Swali lile lile. Nimejibu 65. Bando imeingia.

Jumatatu, 16 Juni

60! Foleni imefika hadi kwa wauza viatu. Mzee Okello, yule wa samaki wa kukaanga, ni mteja wa Kageha tangu zamani. Leo amempita akiangalia chini, akaja kwangu na mtungi wa lita tano. Nikampimia. Ningefanyaje?

Kageha akaita kutoka kwake, "Mama Mathews, hiyo mashine yako inakula watu, yawa!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sijapenda kile kicheko changu.

Jumanne, 24 Juni

Ijumaa nilijibu 60, maana Kageha alikuwa ameshuka tena. Tangu jana mashine inasema 55. Sitini ndiyo bei anayonunulia Kageha kwa jumla. Yaani anakaa juani kutwa nzima bure. Nimempelekea chai. Ameinywa, akakiweka kikombe chini bila kunitazama. Moyo unaniuma. Miaka saba tumekula sahani moja.

Jumanne, 1 Julai

Jana hakuja. Leo pia. Simu hapokei. Mama wa viazi anasema ameenda Sondu kwa dada yake, vikombe vyake vya kupimia ameviuza. Ameondoka bila kuniaga! Nimelia nyuma ya mashine, wateja wakidhani ni moshi wa Okello.

Alhamisi, 3 Julai

Robinson, kijana wa kampuni, amekuja na tisheti ya zawadi. Eti takwimu zangu ndizo bora Kisumu nzima. Nikamwuliza takwimu gani. Akacheka — za jirani! Wewe ukituma bei yake, kompyuta inakaa hatua moja chini. "Mama, wewe ndiye macho yetu hapa Kibuye."

Nilikaa juu ya mtungi.

Mimi! Nilidhani ni utafiti tu, kama wale wanaopita nyumbani kuuliza una choo cha aina gani. Kila Ijumaa nimekuwa nikimwuza Kageha kwa bando ya katuni. Yuda angalau alijua anauza nini.

Ijumaa, 4 Julai

Wameuliza tena. Nikaandika: hakuna jirani, mmemmaliza. Ikakataa, inataka namba. Nikaandika 0. Hasira tu. Bando imeingia hata hivyo.

Jumatatu, 7 Julai

78.

Nilifikiri macho yananidanganya. Okello amesimama na mtungi wake akiuliza ni nini hii, juzi ilikuwa 55. Nikasema ni Nairobi, wala sikutaja ile sifuri yangu. Akanijibu polepole, bila matusi, "Sasa sisi tuende kwa nani, nyar Bungoma?" Nyar, yaani binti: ndivyo ameniita miaka yote. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumamosi, 12 Julai

Sondu. Niko sebuleni kwa dada yake Kageha. Nimekuja na sukari, mkate, na daftari hili, maana maneno ya kumwambia niliyaandika ukurasa wa mwisho nisije nikayasahau. Nilipanga kumwambia: ni mimi niliyekuwa nikituma bei zako. Sentensi moja tu. Njia nzima nimekuwa nikiikariri.

Sikupata kuisema. Alinikumbatia mlangoni mpaka mkate ukabonyea. Akasema wanawake wa Kibuye wanampigia simu kila siku, eti mimi ndiye niliyemfukuza, naye anagombana nao. "Niliwaambia Mama Mathews si mtu wa hivyo. Mimi namjua huyu mama. Ni mashine tu." Kisha akaniomba msamaha — yeye, mimi! — kwa kuondoka bila kuaga. Alikuwa na aibu, anasema.

Nikaanza, "Kageha, kuna kitu..." Akanikatiza. Mambo ni baada ya chakula, na mgeni wa Mmaragoli hali mboga, huchinjiwa jogoo. Akatoka.

Sasa namsikia nyuma ya nyumba anafukuza jogoo pamoja na dada yake. Wanacheka. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Lazima niende nimwambie sasa, kabla hajachinja. Sasa hivi. Namaliza tu mstari huu.

Jogoo amenyamaza.