Wavu wa Shaibu Kwenye Njia ya Meli

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba
Uji mtamu mno. Somoe ananibembeleza, sijui anataka nini. Mtoto wangu huyu habembelezi bure. Mguu unawasha ndani ya plasta. Korosho zinadondoka Mbekenyera, mimi nimelala hapa kwake Nachingwea kama gunia. Daktari kasema nisikanyage chini. Daktari hana mikorosho.

Jumanne, tarehe 7
Nimejua. Stoo imekohoa. Nikaita, akatoka Shaibu, mtoto wa Somoe, ananuka samaki. Huyu si yuko Mtwara anavua? "Shikamoo mke wangu," anacheka. Nikamwambia mume gani anaishi stoo na majembe. Somoe kaangalia chini. Kuna jambo.

Alhamisi, tarehe 9
Hamisi kapiga simu. Mwanangu wa mwisho, yuko kwenye boti ya doria hukohuko Mtwara. Kazi yao kulinda njia ya meli. Wameweka maboya mekundu na ya kijani, katikati ni marufuku kutega. Sasa kuna wavu umezama humo ndani. Njia imefungwa, meli imesimama nje. Kaniuliza, "Mama, Shaibu yuko huko?" Nikasema hayupo.
Nimemdanganya mwanangu. Chakula cha jioni sikula.

Ijumaa, tarehe 10
Nimembana Shaibu. Eti samaki wamejaa hapohapo. Eti alikata madumu yanayoelea ili doria wasiuone wavu. Mjinga! Sasa hata yeye akipita na boti hauoni. Nikamuuliza, ulipokuwa unapulizia dawa na babu yako, ulipanda muhogo katikati ya mistari ya mikorosho, mashine inapopita? Akasema hapana. Basi.
"Nilijua Mjomba yupo doria, bibi. Mjomba ni wangu."
Kweli ni wake. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Lakini pangaboi la meli halina mpwa.

Jumapili, tarehe 12
Hamisi tena. Boti yao imenasa. Mwenzake kazama kukata nyuzi, wavu ukamshika mkono, wamemtoa hajitambui. Yuko hospitali. Kesho kutwa anazama Hamisi mwenyewe. Wamekata kipande tu, uliobaki anautafuta kwa kupapasa.
Somoe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kachukua simu yangu kaiweka juu ya kabati. Kasema ukimtaja mwanangu, huo mguu utauuguza mwenyewe.
Juu ya kabati! Najua kwa nini. Nimezaa nyoka. Hapana, nimezaa mama. Mmoja wangu yuko stoo, mwingine anaingia majini, na mimi sifiki hata mlangoni.

Jumatatu, tarehe 13
Somoe kaenda sokoni. Nikamwita Shaibu. "Mume wangu, nishushie simu."
Alijua ninampigia nani. Kasimama, kajikuna shingo. Nikamwambia aseme tu wavu uko wapi. Kasema hapaelezeki kwa simu, anapajua kwa alama za pwani, lazima akaoneshe. Nikanyamaza. Mdomo wangu huu, nikanyamaza.
Kaishusha. Kaifuta vumbi kwa shati lake.
Hamisi kasema hazami. Anakuja.

Jumanne, tarehe 14
Kafika na bodaboda kutoka stendi. Uani kavua shati la kazi, kalitundika kwenye kamba ya nguo, kaingia na fulana. Kanisalimia, kamsalimia dada yake. Somoe hakuitika. Hamisi kakaa kwenye mkeka, kasema, "Kosa la huyu ni langu. Mimi ndiye mjomba. Atakaposimama kuhojiwa, nitasimama naye. Yule mwenzangu hospitali nitamwangukia mimi kwanza." Kala ugali, kanawa.
Halafu katoka, kavaa shati, kafunga vifungo vyote. Kamwambia Shaibu twende.
Somoe kalia mpaka jirani wakadhani nimekufa. Nikawapigia kelele kwamba bado.

Alhamisi, tarehe 16
Uji bila sukari. Kopo naliona kutoka hapa. Sisemi.

Jumamosi, tarehe 18
Bila sukari. Haongei nami. Mguu ananiosha lakini haniangalii. Wangapi wanasema mimi mbaya? Waseme. Ningenyamaza ningezika.

Jumatatu, tarehe 20
Hamisi kapiga asubuhi. Wavu umetoka wote, Shaibu ndiye aliyeonesha. Mwenzake katoka hospitali, mkono bado. Shaibu kesi anayo, ila yuko nje, Hamisi kamdhamini, analala kwake.
Akasema, "Mama, sikiliza," akanyoosha simu nje. Honi ya meli, ndefu, nzito. Inaingia.
Somoe alikuwa anafagia. Fagio likasimama. Nikaweka simu sauti kubwa, tukasikiliza mpaka ikaisha. Kaendelea kufagia.
Uji umekuja baadaye. Una sukari. Kidogo.