Aikale Kwanza

Papa,

Leo asubuhi nimelia darasani, mbele ya wavulana wote, na sababu ni wewe na resori zako.

Tangu tukuzike, karakana yako ya pikipiki haijafunguliwa. Mama anaanika mihogo pale mlangoni. Madereva wa Salamabila bado wanafika na pikipiki zilizochoka, wanauliza fundi yuko wapi. Siku nyingine nashindwa kusema, nawaambia tu hayupo.

Unakumbuka ulivyonifundisha kupima resori ya nyuma, ile springi inayobeba mzigo? Hukuniruhusu kugusa mita ya kupimia kabla dereva hajapanda na kukaa na magunia yake, resori ikashuka. "Aikale kwanza, njo upime." Kila mara, kana kwamba nimesahau tangu jana.

Basi juzi, kwenye jaribio la fizikia, tukaulizwa: resori imesimama, jiwe limewekwa juu yake na kukandamizwa, likiachiwa litaruka kimo gani? Nikafanya kama wewe. Nikaacha jiwe likae kwanza, nikapima mbano kutoka hapo. Sifuri! Mwalimu akasema nishati ya resori ile huhesabiwa kuanzia urefu wake ikiwa tupu. Wenzangu wakacheka: "Fizikia ya karakana!" Na mimi, Papa, nilikuonea haya. Nilirudi nyumbani nikijiambia hukujua kitu, na nikifeli mtihani wa taifa itakuwa kwa sababu yako. Nisamehe.

Leo mwalimu ametundika resori kwenye boriti, akafunga jiwe chini yake, akalivuta na kuliachia. Likawa linapanda na kushuka. Akauliza, mwendo huu tuupime kuanzia wapi? Sote tukajibu: kwenye urefu wa resori tupu. Akatikisa kichwa. Hapa, akasema, ngojeni kwanza jiwe litulie. Uvutano umeshachukua sehemu yake. Pimeni kutoka pale.

Nikasikia sauti yako. Machozi hayo hayakuniomba ruhusa.

Hukukosea, Papa. Ni mimi niliyebeba jibu lako nikalipeleka kwenye swali jingine.

Na nyumbani kwetu pia tumeshuka tangu uondoke. Nimekuwa nikingoja turudi pale tulipokuwa nawe, na haturudi. Nimechoka kungoja. Naanza kupima kutoka hapa.

Mtihani nitaufanya, nakuahidi. Na Jumamosi nitamwomba Mama aondoe mihogo mlangoni. Dereva wa kwanza atakayefika, nitamwambia aikale kwanza.

Pumzika, Papa wangu.

Binti yako, Mwamini