Nailoni ya Viti

Barranquilla, Jumapili

Mume wangu Eliécer,

Huku sote wazima. Goti la mama yako limepoa, na watoto wanakusalimu huko Chile.

Gari lako bado linawaka vizuri, ila ndani linachakaa. Dashibodi imepasuka kwa jua, kitambaa cha dari kinaning'inia, na juzi kishikio cha mlango kilinibakia mkononi. Gari la bei nafuu ndivyo lilivyo, sikulaumu.

Viti ndivyo nilivyovitunza kama ulivyoagiza: nailoni ya kiwandani isivuliwe mpaka urudi. Mtaa mzima hufanya hivyo. Miaka miwili watoto wamegandia humo kwa jasho.

Jana nilishika mkasi. Mama yako akapiga kelele, "We Nubia! Mwenyewe kasema isiguswe!"

"Mama, hata bibi harusi huvuliwa shela."

Nikaikata. Chini yake kitambaa kimeota ukungu mweusi, kwa jasho lililopenya kwenye mishono likakosa pa kutokea. Mama yako alikitazama, kisha akaenda mwenyewe kuleta siki na brashi. Tumesugua hadi jioni. Madoa hayajatoka yote, lakini viti vimekauka, na kesho naanza kubeba abiria.

Ulipopiga simu Krismasi, nilimsikia mwanamke akikuita, "Mpenzi, chakula kinapoa." Sikuuliza, na leo siulizi.

Ukirudi, simama kando ya barabara unyooshe mkono kama abiria wengine. Nafasi ikiwepo, nitasimama.

Nubia