Sikujua Hassani, Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Nimeita majina saa moja na nusu kama kawaida. Ghala bado linanuka mkonge, ingawa mwenye shamba alishaondoka zamani na sisi tumeweka ubao na madawati. Bati mbili zimeng'oka. Chaki pakiti tatu. Kidato cha kwanza hatukuletewa mwaka huu, wilaya inasema mpango unaangaliwa upya. Kwa hiyo sekondari nzima ni Kidato cha Pili, na walimu wawili: mimi, na Festo wa hisabati na sayansi. Naitwa Mkuu wa Shule. Mkuu wa nani, Mungu anajua.

Watatu wamehama na wazazi wao mwezi uliopita. Operesheni ya vijiji imewapeleka upande wa Mitole. Wamebaki ishirini na tisa.

Namba kumi na saba hakuitikia. Nimeita "Sikujua Hassani" mara mbili, na mtoto namwona, yuko dawati la ukutani, anatazama mikono yake. Wasichana wakaguna. Ndipo nikaelewa, mjinga mimi, Mmwera mzima. Likizo alikuwa unyagoni. Ametoka na jina jipya.

Mimi mwenyewe jina la Ismaili nilitoka nalo jandoni. Huku kwetu ukimwita mtu jina la utotoni baada ya hapo umemtukana, na wazee walikuwa wanakutoza kuku. La kwangu mimi sitaliandika hata humu. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Anaitwa Asumini. Nimeliandika mwisho wa daftari la mahudhurio, mstari wa thelathini. La zamani nilitaka kulikata, kengele ikalia, nikafunga daftari.

Alhamisi, 23 Januari

Kupalilia shamba la shule. Mpini wa jembe umevunjika. Festo ameshapanda mihogo nyuma ya nyumba yake. Mkewe amewasili kutoka Newala na kitanda juu ya lori. Mtu akileta kitanda amekuja kukaa.

Jumanne, 4 Februari

Barua kutoka wilayani. Kidato chenye wanafunzi pungufu ya thelathini kitavunjwa na kuhamishiwa Lindi mjini. Chenye thelathini na zaidi kitaongezewa mwalimu, bati na fungu la vitabu. Idadi ipelekwe mara moja, na daftari litakaguliwa.

Lindi mjini. Nani atamlaza mtoto wa mkulima wa Rutamba Lindi mjini? Wavulana watano au sita watakwenda, kwa wajomba zao. Wasichana tisa hawatakwenda hata mmoja. Nawajua baba zao. Walinikubalia kwa sababu shule wanaiona kutoka mlangoni.

Nikafungua daftari. Mstari wa mwisho: thelathini.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha nikakumbuka kumi na saba.

Jumatano, 5 Februari

Nimepeleka idadi. Thelathini. Sahihi yangu na muhuri.

Najieleza hivi: sikuongeza jina, lilikuwapo. Kosa ni la kengele. Maneno ya mwanafunzi aliyekutwa na embe la watu mkononi. Ningemchapa.

Ijumaa, 14 Februari

Tatizo la uongo ni kwamba lina kazi kila siku. Asubuhi Asumini anaitikia, namwekea alama ya kuwapo. Na Sikujua? Sithubutu kumwita. Lakini mstari hauwezi kukaa mtupu. Wiki ya kwanza niliandika mgonjwa. Wiki ya pili nikaandika hayupo. Mtoto mzima wa afya, anacheza rede pale uwanjani, na kalamu yangu inamtia ugonjwa.

Jina lenyewe ni utetezi mzuri kwa mtu mwenye kosa. Kwangu halifai. Nilijua.

Jumanne, 18 Februari

Festo amerudisha daftari mezani kwangu. Amesimama kidogo. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Mwalimu, hesabu ni somo langu." Akaenda kufundisha.

Sijui kama ilikuwa lawama au ahadi. Sikumwita arudi. Mkewe ana mimba.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi amekuja kwa Landrova, matope hadi kwenye vioo. Mtu mpole, anakohoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Amekagua choo, amekagua shamba, amesifu mahindi. Kisha akaomba daftari, akasema ataita majina mwenyewe.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilisimama nyuma ya darasa.

Akafika kumi na saba. "Sikujua Hassani."

Mgeni, tena mwanamume, anamtamkia mwari aliyetoka ndani jina la utotoni, mbele ya wavulana. Asumini hakuinua macho. Na wale watoto ishirini na wanane hawakumwangalia. Wote walitazama nje, dirishani, kwa adabu. Walikuwa wanamsitiri mwenzao. Mkaguzi akaona darasa lisilojua mtoro alipo. Akaweka alama.

Akaendelea hadi mwisho. "Asumini Hassani." Nipo.

Akanigeukia. "Hawa ni ndugu?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja. Nimelisema mbele yake na mbele ya darasa zima. Hapo watoto waligeuza macho kutoka dirishani, wakaniangalia mimi. Sijawahi kuona haya namna ile. Adabu yao niliitumia kama pazia.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la Siasa. Mada kwenye mpango wa kazi: ukweli na uwajibikaji wa kiongozi. Nimewapa zoezi la ramani.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua haikatiki. Bati zimefika, ishirini, kwa trekta ya kijiji kutoka Mingoyo, maana lori lilikwama pale njia panda. Wazazi wamezipandisha juu wenyewe, kwa nyimbo. Baba wa Asumini, Mzee Hassani, alikuwa juu kabisa, anapiga misumari. Akanipungia mkono. Nikapunga.

Na mwalimu wa tatu amekuja, Mwalimu Rehema, atafundisha Kiingereza. Kijana, ana haraka, tayari ameuliza maktaba iko wapi. Nimemwonyesha kabati.

Kwa mara ya kwanza tangu tufungue, hii inafanana na shule. Nilipaswa kufurahi. Nilikula ugali nusu nikausukuma.

Jumatatu, 14 Aprili

Barua.

Wamelinganisha orodha yangu na orodha ya waliochaguliwa kutoka darasa la saba. Asumini Hassani hana namba ya uchaguzi. Hakuwahi kuchaguliwa. Ameingia sekondari kwa mlango wa nyuma, aondolewe mara moja. Sikujua Hassani amechaguliwa kihalali lakini ni mtoro. Asiporudi darasani mpaka mwezi huu uishe, nafasi yake imefutwa.

Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa.

Nilimfanya mmoja kuwa wawili. Wao wanawafukuza wote wawili.

Jumanne, 15 Aprili

Dawa ni sentensi moja. Ndugu Afisa Elimu, Sikujua ndiye Asumini, amebadili jina kwa mila. Huku hilo si jambo geni, karani yeyote wa pwani hii ameshakutana nalo, wangesahihisha na mtoto angesoma kwa jina lake.

Ila wakisahihisha watahesabu. Ishirini na tisa. Na sahihi yangu juu ya thelathini. Na "ndiyo" yangu mbele ya mkaguzi. Kidato kinavunjwa, Rehema anarudi, Festo anang'oa mihogo yake, wasichana tisa wanarudi majumbani. Na mimi sijui napelekwa wapi.

Nimeandika hiyo sentensi mara tatu leo. Karatasi zote nimewashia jiko.

Nataka niandike humu kwa uaminifu, maana kwingine nimeshindwa. Nilipozichoma, wasichana tisa sikuwafikiria kwanza. Nilijifikiria mimi, nasimama mbele ya meza ya Afisa Elimu.

Jumamosi, 19 Aprili

Festo anasema ipo njia nyingine. Sikumwomba. Alikuwa anatengeneza baiskeli, akasema bila kuinua kichwa: Asumini aondoke kama walivyotaka. Sikujua apone, arudi. Idadi wameshaipitisha, hawahesabu tena mpaka Januari. Mtoto anabaki, shule inabaki.

"Na jina?" nikamwuliza.

Akazungusha gurudumu. "Hapo ni kwenu, mwalimu. Kwetu tunabatizwa mara moja." Hilo si kweli tupu, Wamakonde wenzake nao wana jando lao na majina yao. Alikuwa ananipa nafasi ya kucheka. Sikucheka.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Hassani. Nilijipanga njiani kusema kila kitu. Naapa nilijipanga.

Mzee hayupo, yuko shambani anafukuza nguruwe. Mama yupo, na Asumini anatwanga. Mtoto aliacha mchi, akanipa shikamoo, akanitandikia mkeka. Mama nikamweleza: kuna barua, wilaya inamtambua Sikujua tu, Asumini haimjui, asipoitikia lile jina anafukuzwa.

Nilikuwa navuta pumzi nifike kwenye sehemu yangu. Mama akanitangulia. Akaweka mikono kifuani.

"Utuwie radhi, mwalimu. Tumekukosea. Tulimbadilisha jina mtoto wa serikali bila kukuletea habari. Tumekuharibia daftari lako."

Ananiomba radhi. Mimi. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikaufunga, nikasema haidhuru, mama.

Haidhuru!

Asumini alikuwa amesimama kwenye kinu, amesikia yote. Huyu alikuwapo darasani siku ile. Anajua daftari liliharibiwa na nani. Aliniangalia, hakusema kitu mbele ya mama yake. Mara ya pili ananisitiri. Kisha akauliza jambo moja tu. "Mpaka lini, mwalimu?"

Nikamwambia mpaka kidato cha nne. Sikumwambia kwamba cheti nacho kitaandikwa hivyo hivyo, na kazi, na pensheni. Labda alijua.

"Basi niite," akasema. Akarudi kwenye mchi.

Nilipoondoka mama alinifungashia mahindi mabichi, kikapu kizima. Nimeyabeba mpaka nyumbani. Sikuweza kuyala, nimempa mke wa Festo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemjibu Afisa Elimu. Asumini Hassani ameondolewa shuleni kama mlivyoagiza. Sikujua Hassani amepona na anarejea. Sahihi, muhuri. Barua fupi, mwandiko mzuri. Kila neno ndani yake karani ataliamini.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imepungua. Bati mpya hazivuji.

Saa moja na nusu nimefungua daftari. Mstari wa thelathini nimeukata kwa wino mwekundu na rula. Nikaanza kuita. Nilisoma taratibu kuliko kawaida, nikitumaini sijui nini, kengele labda. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Sikujua Hassani."

Amesimama. Si lazima kusimama, wengine huitikia wamekaa. Amesimama wima, kitambaa kichwani kimefungwa kwa namna ya wakubwa. Akasema, "Nipo." Sauti ilitoka vizuri. Akakaa. Hakuna aliyeguna wala kucheka. Wavulana walitazama madawati yao. Nikaita kumi na nane.

Mapumziko, darasa lilipokuwa tupu, nilijaribu kulitamka jina langu mwenyewe, lile la kabla ya jando. Mara moja tu, na hakuna mtu. Lilikwama. Nikaja ofisini nikaliandika hapa, juu ya ukurasa huu. Nimelitazama kidogo, kisha nikalikata kwa wino mpaka halisomeki.

Kesho Jumanne. Saa moja na nusu nitamwita tena.