Kebo Uliyoizika Bel-Air

Papa,

Ovaroli yako ya bluu bado inaning'inia nyuma ya mlango. Mama hataki iguswe. Taa ya jikoni ikififia anainua macho, anangoja, kisha anaendelea kuchambua majani ya sombe. Mimi pia nangoja. Kazini ni vibaya zaidi. Nikiingia kwenye kabini ya umeme, kile kijumba cha transfoma, nasikia ukisafisha koo nyuma yangu, kama ulivyofanya ulipotaka kunisahihisha bila mafundi wengine kujua.

Wamenipa kebo yako, ile ya alumini uliyoizika kutoka kabini hadi hospitali ya Bel-Air. Unakumbuka ulivyocheka ilipoletwa? Ulisema shaba yetu inapanda treni kwenda kwa wageni, sisi tunaletewa alumini. Tangu mvua zikatike, hospitali ilikuwa inakatikiwa umeme kila asubuhi, na bado walitaka kuongeza mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Mkubwa wangu akaniuliza kebo ile inaweza kubeba ampea ngapi. Wenzangu walisema ni kazi yako, itabeba tu.

Nilianza na jedwali la ampea, kama ulivyonifundisha. Lakini jedwali linadhani kebo imelala peke yake kwenye udongo wenye unyevu. Nikaomba mtaro ufunguliwe. Baada yako walipitisha kebo nyingine ubavuni mwa yako, wakazifukia zote mbili kwa mchanga mweusi wa mabaki ya tanuru la shaba. Mchanga ule haushiki maji. Kiangazi hiki ulikuwa mkavu kama majivu, na joto la kebo halikuwa na pa kutokea. Nilipoushika ulikuwa vuguvugu, Papa, vuguvugu kama kifua cha mtu. Nilitoa mkono haraka. Mwanamume aliyekuwa anachimba aliniangalia, akaendelea kuchimba.

Nikapunguza hesabu kwa sababu ya ukavu, nikapunguza tena kwa sababu ya ile kebo jirani. Kilichobaki kilikuwa chini ya umeme ambao hospitali inavuta wakati mashine za dobi, za kufulia nguo, na mashine nyingine zinafanya kazi pamoja. Nikamwambia mkubwa haiwezekani hivi ilivyo: dobi ihamishiwe kebo yake yenyewe, mchanga utolewe, udongo mwekundu urudishwe. Alikubali bila ubishi.

Lakini kuhamisha umeme wa dobi kulimaanisha kufungua sanduku la nyaya la hospitali. Lile lile. Hapo ndipo ulipokuwa umeinama siku ile unakaza boliti iliyolegea, na umeme ukarudi. Na aliyepangiwa kuzima kule kabini safari hii alikuwa Ba Kalenga, rafiki yako, yeye yule aliyepigiwa simu siku ile na mtu wa hospitali kwamba kazi imekwisha, akadhani ni neno lako, akawasha. Hajakanyaga kwetu tangu matanga, Mama alipomfukuza mbele ya watu wote.

Ba Kalenga alizima, akaifunga swichi kwa kufuli, akaninyooshea ufunguo.

"Kamata, mutoto yangu. Miye siwezi kukaa nayo."

Nikautia mfukoni. Nilitaka kuondoka, Papa. Nilitaka abaki pale na kufuli lake. Sijui nani alinifungua mdomo.

"Tuende wote," nikamwambia. "Usibakie hapa peke yako."

Tukatembea hadi hospitali. Kwenye sanduku nilipima, nikapima tena. Nyaya zilikuwa zimekufa, hakuna kitu ndani, na bado mikono yangu ilikataa kuingia. Nilikuwa nakuona umeinama pale pale. Ba Kalenga akanitazama, akaingiza mikono yake kwanza, mitupu, akaishika alumini. Hakuitoa mpaka nikaingiza yangu.

Sasa hospitali inawaka asubuhi yote. Wauguzi wamenishukuru. Wewe hujaondoka kabini, na sijui kama nataka uondoke.

Nimemsimulia Mama. Aliinamia sombe lake. Nilidhani analia, lakini akaniuliza kama Ba Kalenga mpaka leo hali samaki wa chumvi.

Jumapili nitaenda kumchukua aje kula kwetu, Papa. Hata akikataa mlangoni, nitamshika mkono nimlete, na mezani nitakaa kati yao wawili. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, sisi tunajaribu.

Binti yako,
Ngoie