Fimbo Chini ya Vitunguu

Pen-y-ddôl, Wales
Jumatatu, 9 Septemba

Kwako kaka Idwal,

Pokea salamu za huku kwetu kwenye mvua. Goti linasemaje? Mimi mzima, nina masizi mpaka masikioni, na kwa miaka yangu sitini na moja sijawahi kujisikia vizuri hivi.

Unajua nilivyoutamani mtihani wa kuchochea moto kwenye garimoshi letu la kale. Miaka mitatu nimesugua shaba kwa kujitolea, nikiusubiri. Basi Alhamisi nilifaulu! Mtahini alisema moto wangu ni safi kuliko wa wanaume wote pale.

Lakini Ijumaa, zamu yangu ya kwanza, fimbo ya ruhusa ya njia ilipotea. Unaikumbuka: reli yetu ni njia moja, na bila fimbo hiyo moja dereva haingii, treni zisije zikakutana uso kwa uso. Tukifika kituoni, mchochea moto huikabidhi kwa mzee Emlyn kwenye kibanda cha ishara. Safari zilisimama, abiria wakarudishwa kwa basi. Emlyn alipoulizwa akasema nilimpa, ila hajui kaiweka wapi. Ana miaka themanini na mbili. Wakuu wa kamati ya reli wakamnyang'anya funguo za kibanda. Uzee huo, walinong'ona, nami nikaamini, nikamhurumia.

Kaka, jana nilitia mkono kapuni kutafuta vitunguu vya supu, nikaishika fimbo. Sikumpa kamwe. Ijumaa alikuwa akiutania mkate wangu wa zabibu, eti unafaa kuzuia magurudumu, nami kwa kucheka nikaitia kapuni.

Nilikimbia kwake. Kumbe alijua sikumpa! "We binti, vikongwe wa kukaa kibandani wako tele," akaniambia. "Mikono ya kutupa makaa ndiyo adimu. Irudishe kimyakimya, ufunge domo." Nililia pale pale mlangoni.

Leo asubuhi nimeiweka fimbo mezani kwa kamati, nikasema yote. Cheti wamekichukua, nitarudia mtihani mwezi wa nne, na nitafaulu, maana mikono ni ileile. Emlyn amekaripiwa kwa kudanganya, kisha akapewa funguo zake. Aliniita mpumbavu mbele ya wote.

Mchana nilikuwa nafagia kituo. Treni ilipoingia, Emlyn alichungulia dirishani kwake, akainua fimbo juu kila mtu aione. "Gwenllian! Hii hapa," akapaza sauti, "usije ukaitia kwenye supu!"

Msalimie shemeji Menna. Nakutumia mkate wa zabibu. Ya Emlyn usiyasikilize.

Mdogo wako akupendaye,
Gwenllian