Kiyoyozi cha Chumbani Kwako

Mama,

Bado sijaweza kusema "chumbani kwa Baba." Nikija Jeddah, nikafungua ule mlango, nasema chumbani kwako.

Asubuhi uliyofariki, kila aliyeingia alisema kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Kweli kilinguruma. Feni ilizunguka, lakini kompresa, ile mashine inayoleta baridi, ilikuwa imekufa. Ulilala kwenye upepo wa moto, nawe hukuzoea kulalamika. Baada ya mazishi fundi akatia kompresa kuukuu, akaenda zake. Baba amekataa kuhama mtaa wetu wa Al-Mahjar. Analala kitanda kile kile, na mimi kazi yangu iko Riyadh.

Basi nimemfungia kifaa. Nilikaa sakafuni na bisibisi ya cherehani yako. Ni kibao kidogo cha kupima umeme, hakizidi kidole gumba. Hakibandikwi pembeni ya waya, Mama. Lazima waya ukatwe, umeme wote upite ndani yake. Nilizima swichi kuu, nikakata, nikakaza ncha mbili kwenye skrubu zake. Upande wa pili zinatoka nyaya tatu nyembamba: chanya, hasi, na wa kupeleka kipimo kwenye kompyuta ndogo ya chipu moja, inayonitumia namba kwenye simu. Mara ya kwanza kilionyesha umeme unapita ilhali kiyoyozi kimezimwa. Nililia. Kumbe hata umeme usipopita kipimo chake huanzia katikati, si kwenye sifuri, nami nilisahau kuitoa namba hiyo ya mwanzo. Sasa feni ikiwa peke yake, namba ni ndogo. Kompresa ikiwaka, inapanda.

"Umeniwekea polisi ukutani," Baba akasema. "Mke wangu kafa, sasa napimwa mimi. Halas, yatosha, kiondoe."

Jumamosi mchana namba ilishuka, haikupanda tena. Nikampigia.

"Kinanguruma, sikiliza mwenyewe," akasema, akasogeza simu. Nikasikiliza. Mama, hivyo ndivyo ulivyosikia wewe.

Nikampigia Akinyi, yule Mkenya anayekaa nyumba ya chini. Akapanda na simu mkononi, nikamsikia: "Mzee, twende kwangu. Utanigombeza huko huko, kuna baridi."

Akaenda. Aligomba ngazi nzima. Tangu hapo hasemi nami, na ameapa ataking'oa kile kibao.

Akiking'oa, nitafunga kingine.

Pumzika, Mama. Ulikuwa huli mpaka Baba arudi, chakula kipoe kisipoe. Safari hii usimsubiri. Nakuahidi, nitamchelewesha.

Mwanao